Siku Niliyomfukuza Mama Mkwe Shambani

Nakumbuka asubuhi moja ya msimu wa kahawa, mwanangu, nikiwa mke mpya katika boma hili hapa Embu. Nilikuwa na nguvu za kubeba gunia mgongoni kutoka shambani hadi kiwandani bila kupumzika njiani, na nilikuwa na mdomo mrefu kuliko nguvu hizo. Ninakueleza haya ili usidhani nilizaliwa na hekima. Nilizaliwa na kiburi, kama wewe tu.

Siku hiyo karani wa kiwanda alimwaga kahawa yangu juu ya turubai, akaivuruga kwa mkono. Kisha akaita wenzake waje kutazama. Kati ya matunda mekundu kulikuwa na mabichi mengi, ya kijani kama majani yenyewe.

"Mama, hii umechuma gizani?" akaniuliza. Foleni nzima ikacheka.

Niliketi chini nikachambua tunda moja moja, huku wanawake walioolewa wiki mbili tu baada yangu wakinipita na magunia yao. Nilijua fika ni nani aliyechuma yale mabichi. Alikuwa mama mkwe wangu, Rwamba. Macho yake yalikuwa yameanza kuingiwa na ukungu, naye hakuwa amemwambia mtu.

Nilifika nyumbani nikamkuta kwenye mistari ya kahawa, kikapu kikiwa kimefungwa kiunoni, akiimba wimbo wa kanisani. Jirani yetu alikuwa ng'ambo ya ua akilima. Sikungoja jirani aondoke. Sikusalimu hata.

"Mama, kuanzia leo usiingie tena katika shamba hili. Huoni. Unatuaibisha."

Aliacha kuimba. Alifungua kamba kiunoni, akaweka kikapu chini polepole, akaenda zake jikoni. Nami, mwanangu, nilijiona nimeshinda.

Wiki hiyo Rwamba aliketi mlangoni mwa jikoni kutwa. Chakula alikionja tu akarudisha sahani. Ukimuuliza kitu anajibu, "Ndiyo," au, "Hapana," basi. Mume wangu Nyaga alinitazama bila kusema, na kutazamwa hivyo na Nyaga kulikuwa kuzito kuliko kugombezwa. Nilianza kuona kwamba mama aliyenipokea kwa furaha siku ya harusi alikuwa anafifia mbele yangu, na kwamba ugonjwa wake ni mimi.

Kisha mchana mmoja nikarudi kutoka mtoni nikakuta mlango wa jikoni uko wazi na yeye hayupo. Nilitua mtungi. Nilimwita nyuma ya nyumba, nikamwita kwenye zizi, nikakimbia mpaka kwenye mteremko nikihofia ameanguka. Nilimkuta katikati ya kahawa. Amefumba macho kabisa, vidole vyake vinatembea juu ya tawi.

"Njoo," akasema, bila kugeuka. "Nawe fumba macho yako."

Nikafumba. Akanishika mkono, akauweka kwenye tawi.

"Bonyeza hilo. Limeiva?"

"Limeiva, Mama."

"Fumbua."

Nikafumbua. Lilikuwa la kijani kibichi.

"Changa kabisa," akasema, "kama akili yako ya juzi." Akacheka, kicheko ambacho nilikuwa nimekikosa kwa siku nyingi. Akanifundisha: tunda bivu hulegea chini ya kidole gumba na kutoka bila kung'ang'ania, lakini bichi hukataa. Kumbe kila nilipokwenda mtoni alikuwa akija kujifunza.

"Macho yamezeeka, Wanja, sikatai," akaniambia. "Jana nilisimama pale njiani nikakisalimia kisiki. Nikakiuliza habari za watoto. Nikakasirika kwamba hakijibu! Hayo ni yangu, nitayacheka mwenyewe. Lakini wewe hukuniambia kwamba macho yangu yamezeeka. Uliniambia mimi nimekwisha. Unaona tofauti yake?"

Nililia. Nikapiga magoti kwenye udongo nikamwomba msamaha.

"Nitakusamehe," akasema, "ukinirudishia kikapu changu."

Tangu siku hiyo tulichuma pamoja, yeye kwa vidole na mimi kwa macho, kisha jioni nikipitia kikapu chake kabla ya kwenda kiwandani. Nilitoa mabichi machache tu, mara nyingine hakuna hata moja. Karani hakuimwaga tena kahawa yetu kwa dharau. Na Rwamba aliishi miaka mingi, akiangusha vikombe na kutuchekesha kwa kila kikombe, mpaka Mungu alipomwita.

Ungedhani mtu aliyefundishwa hivyo angejua la kufanya zamu yake ikifika. Wapi! Macho yangu yalipoanza kufifia, nilificha mwaka mzima. Nilisema taa ni mbovu. Nilisema Biblia za siku hizi zimechapishwa kwa herufi za kibahili. Magoti yakilia nikiinuka, nilisingizia kiti.

Halafu wakaja wageni kutoka Kaaga, kule Meru, kumposa mjukuu wetu. Mimi ndiye niliyebaki mkubwa wa nyumba, kwa hiyo nilisimama kukaribisha. Nilimshika mkono mzee mmoja mnene mwenye koti, nikamketisha kwenye kiti cha heshima, nikamshukuru kwa kulea kijana mwema, nikamwombea na ukoo wake wote. Nilipomaliza, Kathure, mke wa mwanangu mkubwa, akaninong'oneza sikioni: "Mama, huyo ni dereva wao."

Mwanangu, hapo nilikuwa na njia mbili. Ningeweza kukasirika, na sherehe ya mtoto ingeharibika kwa ajili ya aibu yangu. Nikasikia kicheko kikipanda chenyewe kutoka tumboni.

"Basi dereva asiinuke!" nikasema. "Ameshabarikiwa, na baraka hairudishwi. Nileteeni kiti kingine, na mnionyeshe baba wa kijana yuko wapi, maana mimi sioni."

Nyumba nzima ilipasuka kwa kicheko, na baba wa kijana akacheka kuliko wote. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kutamka maneno hayo, "mimi sioni," na hayakuniua.

Wiki iliyofuata Kathure na mumewe walinipeleka kwa daktari wa macho. Jicho la kushoto lilikuwa limeharibiwa na presha ya ndani ya jicho. Daktari alisema kama ningekuja mapema, lingeokolewa. Hilo nililipoteza kwa kuficha. La kulia lilikuwa na mtoto wa jicho, ule utando mweupe, akautoa kwa upasuaji. Walipofungua bendeji asubuhi yake, kitu cha kwanza nilichoona ni uso wa Kathure umeinama juu yangu. Nikautazama sana.

"Kathure," nikasema, "nawe una mvi!"

"Ninazo kitambo, Mama," akajibu, akicheka na machozi yakimtoka. "Ni wewe tu uliyekuwa bado unaniona msichana."

Kwa jicho moja nililobaki nalo ninamshukuru Mungu kila asubuhi, na kwa lile lililokwenda pia, kwa sababu lilinionyesha mengi kabla ya kuondoka.

Kwa hiyo nisikilize. Mzee wako akianza kupoteza macho, masikio au kumbukumbu, msaidie katika kile anachokosa, lakini usimnyang'anye kazi yake wala jina lake. Zamu yako ikifika, usifiche. Sema mapema, nenda hospitali mapema. Na ukikosea mbele ya watu, uwe wa kwanza kucheka, ili wanaokupenda wapate ruhusa ya kukusaidia.

Mungu akupe miaka ya kutosha kuchakaa, mwanangu. Akupe meno ya kula mahindi yako, na meno yakiisha, akupe mtu wa kukupondea. Uzeeke katikati ya watu wanaokuita kwa upendo, na uwaitikie kwa furaha. Iwe hivyo.