Kucha za Baba

Leo baba yangu amekataa kuingia chumbani kwangu. Nimeumia, jamani.

Ametoka kijijini Nshamba asubuhi na mkungu wa ndizi, mara yake ya kwanza kufika hapa mjini nilipopanga, Kashai. Akagoma mlangoni.

"Tata, vua viatu uingie," nikamwambia baba.

"Nitakaa hapa nje, mwanangu."

Nikadhani anakionea haya chumba changu. Machozi yakanilengalenga, naye akayaona.

"Si chumba," akasema. "Ni miguu yangu."

Nikapiga magoti, nikamvua viatu na soksi taratibu. Kucha nene, za njano, zinamegeka. Mtu anashinda na buti shambani kutwa!

"Hata mama yako namficha."

Nikampeleka zahanati. Daktari amekata kipande cha kucha kwa ajili ya vipimo, akasema inaelekea ni fangasi. Inatibika, ila itachukua miezi, maana kucha hukua polepole. Akaushe miguu vizuri, abadili soksi kila siku, aanike buti zikauke.

"Kumbe si uzee?" baba akauliza.

Sasa hivi amejinyoosha kitandani kwangu, anamsimulia mama kwenye simu kila kitu.

Wazazi wenu nao wanawaficha nini? Waulizeni kwa upole.