Kumbikumbi wa Utafiti

Leo nimekula utafiti wangu na ugali.

Mimi nasomea bakteria wanaoishi ndani ya tumbo la kumbikumbi. Asubuhi nilitega wengine kwa kichuguu huko Ndalu, nikawaweka kwa friji ya senje, shangazi yangu wa Kimilili. Nikaenda kuoga.

Kutoka bafu, chakula iko mezani. Nikamaliza sahani, nikaongezwa.

"Senje, hizi kumbikumbi tamu umetoa wapi?"

"Si ni zako. Mgeni analeta kumbikumbi, halafu naficha kwa friji? Majirani wataniita mchoyo."

Hapo ndio profesa akapiga simu. Ati sampuli ziko salama?

Ziko, prof.

Ati nimeziweka kwa joto gani?

Bana, nyinyi mngejibu aje?

Mimi nimesema ukweli: joto ya mwili.