Dhoruba Yenye Bisibisi

Watu walisema Mama Deki alizaliwa bila kinyaa, kama wengine wanavyozaliwa wakiwa wamepungukiwa kidole. Kwa miaka thelathini na mmoja alipiga deki hospitali ile ya ufukweni: wodi ya wanaume, ya wanawake, ya wazazi, na kile chumba cha mwisho ambacho hata mlinzi alikipita mbio. Damu, usaha, matapishi, vyote alivifuta huku akiimba chini kwa chini. Wanafunzi wa uuguzi walioingia wameziba pua aliwaambia, "Ziba pua, utafungua mdomo. Chagua wewe unataka harufu ipitie wapi."

Wauguzi walinawa mikono mara tatu. Yeye alinawa mara moja tu, akajifuta kwenye kanga, akaendelea na safari. Muuguzi mkuu, mwanamke mwenye sauti ya kengele ambaye mji mzima ulimwita Sista, alimkaripia mpaka akachoka.

"Uchafu wa mgonjwa ni kama mtoto, Sista," alimjibu. "Ukimshika vizuri mara moja, analala."

Hospitali yenyewe haikuletwa na mtu. Zamani, mjamzito mmoja alifia njiani akipelekwa hospitali kubwa, mwendo wa saa nne. Waliotoka kumzika hawakurudi majumbani; walishuka pwani wakaanza kubeba mawe. Kila nyumba ilitoa mzigo mmoja kila Jumamosi, na asiye na nguvu za jiwe alileta maji. Baba yake Mama Deki, aliyekuwa mwashi, alianza na kona ya wodi ya wazazi, kwa sababu kifo kile ndicho walichokuwa wanakijibu. Ilichukua miaka minne. Serikali ilikuja mwishoni, na daktari mmoja na kibao.

Kisha ikaja dhoruba. Ilipiga mchana, baada ya wagonjwa kula, na ilipopita bahari ilikuwa imeingia wodini hadi kwenye vifundo vya miguu. Wodi ya wazazi iliezuliwa mabati kumi na moja. Mama Deki aliijua hesabu hiyo kama ajuavyo meno yake, maana kesho yake yeye na mlinzi ndio waliozunguka kuyaokota. Moja lilikuwa limekumbatia nguzo ya umeme, walilibembeleza nusu saa. Waliyapanga nyuma ya jengo, wakayawekea mawe. Siku sita alipiga deki, akitoa mchanga, mwani na samaki waliooza chini ya vitanda. Siku ya saba sakafu iling'aa, na siku hiyohiyo kikapigiliwa kibao getini: IMEFUNGWA KWA MUDA KWA SABABU YA MADHARA YA DHORUBA. Wagonjwa wakarudishiwa ile barabara ya saa nne. Mlinzi akahamishwa. Mama Deki akaachiwa funguo.

Muda huo ulifika miaka miwili.

Kila Jumatatu alifungua, akafagia, akafunga. Kwanza yalitoweka yale mabati kumi na moja. Kisha yakaanza kupungua mabati mazima yaliyokuwa bado juu, lakini mwanzoni ya upande wa nyuma tu, usioonekana barabarani. Ikafuata milango, koki, vioo, nyaya. Kila alipouliza alijibiwa kwa neno moja: dhoruba. Alimkuta jirani amefungia kuku kwa mlango wa wodi ya wanawake, rangi yake ya buluu ikiwa imejaa mavi ya kuku, na jirani akamwambia bila kupepesa macho kwamba upepo ndio uliomtupia pale. Mlango ulikuwa na bawaba zake zote mbili na skrubu zake zote nane.

Sista, aliyekwishastaafu, alikuja siku moja kuangalia. Aliingiza kidole kwenye tundu la skrubu katika fremu tupu. Tundu lilikuwa safi, la duara, halina mchaniko.

"Mwenzangu," alisema, "dhoruba hii ilikuja na bisibisi."

Walicheka mpaka wakakaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje. Jumatatu iliyofuata benchi nalo lilikuwa limepeperuka.

Uchafu haukumsumbua. Popo walinya darini, yeye akakwangua. Watu waliingia kujisaidia katika chumba cha kujifungulia, yeye akazoa. Kinyesi ni kinyesi, alijisemea, angalau hakisingizii upepo.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakumwambia hata Sista. Mwanawe wa pekee alikuwa fundi bomba, naye na mkewe waliishi nyumbani kwake. Miezi minne nyuma alirudi na sinki la chuma kisichoshika kutu, refu, lenye kina, akasema amelipata mjini kwenye hoteli inayobomolewa. Alilifunga jikoni siku moja, akalizungushia vigae, akamwita mama yake aone. Mama Deki alipitisha mkono chini ya ukingo, na kidole chake kikakuta mahali paliposuguliwa kwa tupa. Alipasugua mwenyewe, miaka mingi iliyopita, siku ukingo ule ulipomchana kiganja. Kovu lilikuwapo bado. Kidole kilijua kabla ya akili. Hilo lilikuwa sinki la wodi ya wazazi, ambamo kila mtoto wa mji ule alioshwa mara ya kwanza, huyo fundi bomba akiwa mmojawapo.

Aliutoa mkono. "Zuri," alisema. "Asante, mwanangu."

Akaanza kuoshea vyombo.

Ndipo ikaja barua. Mkaguzi angefika Alhamisi kuamua moja kati ya mawili. Kama dhoruba ililiharibu jengo lote, lingeandikwa halifai, libomolewe, na mambo yaishie hapo. Kama dhoruba ilichukua kidogo, lingekarabatiwa, kuanzia wodi ya wazazi. Ushahidi ulikuwa wa mwenye funguo. Mji mzima, ambao kwa miaka thelathini na mmoja ulimpita Mama Deki kama ndoo, sasa ulimsalimia kwa kusimama. Nyumbani, mkwewe alikuwa na mimba ya miezi saba. Barabara ya saa nne ilikuwa imeshammaliza mtoto wa mke wa mshona viatu, aliyezaliwa nyuma ya lori la barafu na kufia humohumo.

Jumatano alasiri alikuja katibu wa kamati ya hospitali, mtu wa shati lililopigwa pasi na viatu visivyojua matope. Yeye ndiye aliyetunza orodha ya vilivyopotea, na paa la nyumba yake mpya lilikuwa na mabati yaliyotobolewa tayari. Alipokuwa na miaka kumi aliletwa hospitali na kipindupindu, na kwa siku tisa Mama Deki ndiye aliyemwosha, akambadilishia shuka, akampokea matapishi kwa mikono mitupu. Mpaka leo alimwita mama.

Alimweleza kwa upole kwamba orodha imekamilika, kazi yake ni kuitikia tu. Ikiandikwa dhoruba, hakuna atakayeulizwa mlango wala koki, na watu wataendelea kuishi kwa amani.

"Funika kombe, mama, mwanaharamu apite."

"Hilo kombe lenyewe liko wapi?" aliuliza Mama Deki. "Si mlilibeba nalo?"

Katibu alicheka, cheko la mtu mwenye karata mkononi. Akainuka, akaenda moja kwa moja hadi kwenye sinki, akafungua maji, akanawa polepole, kidole kimoja baada ya kingine.

"Sinki zuri," alisema. "La chuma cha hospitali kabisa."

Kisha akakohoa kutoka chini, akavuta kohozi, akalitema sinkini. Akafunga koki. Akaaga kwa adabu.

Mama Deki alibaki analitazama. Lilikuwa limekaa karibu na tundu la maji, kijani chenye utando, likiteleza kidogokidogo kama lililo hai. Ameshika makohozi mangapi? Ya kifua kikuu ameyashika. Matapishi ya mtu huyuhuyu ameyashika. Lakini hili lilitemwa na mtu mzima, mwenye afya, mahali walipooshwa watoto, kumkumbusha kwamba sasa wote ni kitu kimoja. Na alivyozidi kuliangalia ndivyo alivyoona kwamba halikusema uongo. Aliwahi ukuta wa nje, akatapika mpaka machozi yakamtoka.

Mkwewe alimkuta ameinama, akamshika mgongo. "Mama jamani," alisema, "mimba nimebeba mimi, kutapika unatapika wewe?"

Mwanawe aliporudi kazini alimkuta amekaa mbele ya sinki na sabuni, brashi na maji ya moto. Alikuwa ameshalisugua mara nne. Alimwambia achukue spana alifungue. Kijana alijaribu hadithi ya hoteli, ilimfia mdomoni. Basi akasema ukweli: katibu alimpa kazi ya kufungua mabomba, na sinki lilikuwa ujira wake.

"Nisingechukua mimi, angechukua mwingine, mama."

"Na mimi nilijisemea hivyohivyo nilipolishika ukingo. Nisiponyamaza mimi, atanyamaza mwingine."

Fundi bomba alimtazama. "Kumbe ulijua?"

"Tangu siku ya kwanza. Nikakuambia asante." Alifuta mdomo kwa kanga. "Mkeo akizaa kwenye lori, mtoto tutamwoshea humu, wewe na mimi? Fungua."

Alifungua. Hakumsemesha tena mama yake jioni ile, na ukutani likabaki shimo lenye kingo za vigae vilivyovunjika.

Alhamisi walikusanyika katika ukumbi wa wagonjwa wa nje, jua likiwapiga utosini kwa kukosa paa. Mkaguzi alikuwa mama wa makamo mwenye buti za mpira na kitambaa puani, kwa harufu ya popo. Katibu alisoma orodha kwa sauti ya msibani. Vilivyochukuliwa na dhoruba: mabati mia moja na arobaini. Milango ishirini na sita. Masinki tisa. Watu waliangalia miguu yao.

Mkaguzi akamgeukia mwenye funguo, akamuuliza kama anathibitisha.

"Mabati ni kumi na moja," alisema Mama Deki. "Nimeyaokota kwa mikono hii."

"Na milango?"

"Dhoruba haikuchukua mlango hata mmoja. Angalia tundu za skrubu, dada. Upepo haufungui, upepo unang'oa."

Katibu alitabasamu, akasema kwa upole kwamba mama yetu amezeeka, na kwamba labda amwambie mkaguzi pia jikoni kwake kuna nini. Kicheko kidogo kikapita kwa watu, kile cha kuona mwingine ndiye anayevuliwa nguo.

Mama Deki alitoka nje, akarudi anasukuma toroli, gurudumu likilia juu ya sakafu aliyoipiga deki nusu ya maisha yake. Alifunua kanga. Sinki likameremeta juani, wengine wakafumba macho.

"Jikoni kwangu kulikuwa na hili," alisema. "Limefunguliwa kwa spana ya mwanangu, na mimi nimeoshea vyombo humu miezi minne nikijua. Niandike wa kwanza. Kisha twende tukaangalie paa la katibu, tundu zake zinalingana na misumari ya hapa."

Hakuna aliyecheka. Jirani wa kuku alianza kuondoka kinyumenyume. Mkaguzi aliteremsha kitambaa puani, akavuta karatasi, akaomba apelekwe nyuma akaone paa.

Aliandika linafaa. Katibu alifutwa kwenye kamati, akanunua shati jingine. Mwezi ule milango ilianza kurudi, imeegemezwa getini, hakuna aliyeonekana akiileta. Ilirudi inanuka mikojo, mafuta, mavi ya kuku. Watu walewale wakapita barabarani wakisema, tazameni, mji wetu una umoja. Mama Deki aliisugua, na kila mmoja ulimrudishia kichefuchefu kile kile. Harufu ilitoka kwa sabuni, kichefuchefu kikabaki.

Wodi ya wazazi iliezekwa kwanza. Siku ya kurudisha sinki, mwanawe alikuja na spana ileile. Walikuwa hawajazungumza vizuri tangu ile Jumatano. Kwenye benchi jipya mkewe alikaa miguu imevimba, siku zake zimefika, Sista akimhesabia dakika kati ya uchungu na uchungu.

"Mama," alisema fundi bomba kutoka chini ya sinki, "shikilia hapa, lisicheze."

Alishikilia, kidole kikiwa juu ya pale paliposuguliwa kwa tupa, mpaka nati ya mwisho ilipokaza. Maji yalipofunguliwa alikuwa wa kwanza kunawa. Sista alimwona kutoka mlangoni, akasahau hesabu ya dakika, maana Mama Deki alinawa, akajitazama viganja, akanawa tena.