Huyo Ndiva Nitamshughulikia

Nilipopunguzwa kazi kwenye shamba la mkonge, wakubwa walituambia sasa ni soko huria, kila mtu atafute chake. Nikarudi kwetu milimani Same, nikanunua msumeno, nikaanza kutafuta changu kwenye msitu ulio juu ya ndiva. Ndiva ni bwawa letu la kienyeji. Maji ya kijito hujikusanya humo, kisha yanafunguliwa kwenda mashambani kwa zamu. Nilipasua mbao kwa raha zangu. Mvua zilipokuja, udongo wote ukateremka bwawani, maji yakakosa pa kukaa, na jua lilipowaka mahindi ya mama yangu yakakaukia shambani. Nilimwambia ni kazi ya Mungu. Alichukua jembe, akaenda bwawani.

Uchaguzi ulipofika nikawa mpambe wa mgombea ubunge mmoja aliyekulia mjini. Aliniahidi kibali cha mbao, nami nikamwahidi kura za kijiji kizima, kama vile ni mbuzi wangu. Siku ya mkutano nilisimama kando yake nimemshikia kipaza sauti, kifua mbele. Mama akanyoosha mkono.

"Shikamoo mama," mgombea akasema.

"Marahaba. Sisi shida yetu ni ndiva. Utatusaidiaje?"

Nilitaka kumnong'oneza mgombea, lakini mdomo wake ulikuwa na haraka.

"Mama, huyo Ndiva niachieni mimi! Nikiingia bungeni tu, nitamshughulikia!"

Watu walicheka mpaka mwinjilisti wa kanisa letu akakaa chini. Mama hakucheka.

"Ndiva si mtu, mwanangu. Ni bwawa, na limejaa tope. Lakini kama unatafuta mtu wa kumshughulikia, ndiye huyo aliyekushikia kipaza sauti. Ndiye aliyekata miti kule juu. Nimemzaa mwenyewe."

Mgombea akaninyang'anya kipaza sauti, akatangaza kwamba mimi hanijui kabisa. Asubuhi ile alikuwa amekunywa chai nyumbani kwangu, vikombe viwili. Niliona aibu, na hasira zaidi ya aibu.

Siku ya kura niliingia chumba cha kupigia kura na karatasi yangu, nikampa kura mpinzani wake, yule aliyeahidi kufunga msitu. Sitasema ilikuwa toba. Nusu yake ilikuwa kisasi. Nikatoka nikiwa nimejiachisha kazi kwa mkono wangu mwenyewe.

Mama alikuwa akinisubiri nje. Hakuniuliza nimempa nani.

"Umemaliza?" akasema. "Haya, twende ukazoe tope."