Barua ya Posa Niliyoipeleka Posta

Sogea karibu, ndugu yangu, unisikilize, na ukitaka kucheka cheka tu, maana kijijini kwetu Mbuji wote walishanicheka na sikufa. Ila nakuonya mapema kwamba mwisho wake hauchekeshi. Mimi ni mwalimu mstaafu, nimefundisha Uraia miaka mingi, na ndimi yule mzee aliyepigwa picha amelala kifudifudi juu ya kaunta ya posta, miguu juu, kiatu kimoja sakafuni, mlinzi kamshika mkanda. Picha hiyo ilizunguka kwenye simu za watu kuanzia Kitai hadi ziwani. Ngoja nikueleze taratibu nilivyofika pale.

Nimemlea Osmundi, mtoto wa marehemu kaka yangu. Alikuwa akimpenda Imakulata, binti wa kijiji cha Chiwanda kule ziwani, waliyesoma naye chuo, na binti naye alimpenda, kwa hiyo kilichobaki kilikuwa kazi yangu: kuandika barua ya posa na kuifikisha kwa baba yake. Niliandika kurasa mbili, kwa mwandiko ule wa ubaoni. Ulikuwa msimu wa kuchuma kahawa, hakuna aliyeweza kuacha shamba siku mbili, basi mke wangu akasema, "Mwalimu, tuifukie kwenye ndoo ya unga, tumpe kondakta wa basi la ziwani, shangazi yake Imakulata ataipokea." Ndivyo wanavyofanya wengi huku, kwa sababu (nikueleze kama hujui) barua tupu kondakta haigusi, atakuambia barua ni za posta ya serikali, yenyewe peke yake ndiyo yenye ruhusa, yeye anabeba mizigo. Kwa hiyo barua zetu husafiri ndani ya unga na maharage, na nyingine hufika zikinuka dagaa.

Nikakataa. Nikasema, "Mama, posa haiendi kama magendo. Nitaituma kwa rejista, ipewe namba." Uamuzi mdogo tu, wa dakika moja, nikiwa na kikombe cha chai mkononi.

Posta ya mjini nilimkuta karani Betramu, niliyemfundisha mwenyewe. "Shikamoo, Mwalimu!" Akapiga muhuri, akanipa risiti, nikarudi nyumbani kifua mbele.

Wiki tatu baadaye Imakulata akampigia Osmundi simu: mama yake amemnong'oneza kwamba barua ya posa imeingia, baba amemuuliza mbele ya wazee kama anaikubali, naye ameitikia. Tulishangilia! Nikakusanya wazee wawili, nikavaa koti langu, tukashuka hadi Chiwanda. Tukapokelewa vizuri, tukala ugali wa muhogo na samaki, kisha nikasimama nikasema kwa sauti ya darasani, "Tumekuja kusikia jibu la barua yetu."

Baba yake Imakulata akanitazama. "Barua ipi, Mwalimu?"

"Ya posa. Ya kijana wetu Osmundi."

"Hapa imeingia barua moja tu, ya watu wa Lituhi, imeletwa kwa mkono. Na tumeshaijibu."

Imakulata alikuwa mlangoni na beseni la kunawia. Akaliweka chini polepole. "Baba, hukunitajia jina la mtu, mimi nilijua ni ya Osmundi."

Nikaanza kueleza habari za rejista (kueleza ndiyo maradhi yangu), na shangazi yake akadakia, "Posa kwa posta! Na siku mtoto wetu akishikwa na uchungu, mtampeleka hospitali kwa rejista?" Nyumba nzima ikacheka, hata wazee niliokwenda nao. Nikatoa risiti. Baba yake akaisoma mbele na nyuma. "Hii inasema ulituma kitu. Haisemi ulituma nini." Lakini alikuwa mtu wa haki, akaongeza, "Niletee barua yenyewe niuone muhuri wake. Kama uliitanguliza kabla ya wale, nitawaita wazee upya. Lakini wanakuja kukamilisha mambo mwisho wa mwezi."

Nilikuwa na siku kumi na moja.

"Betramu, barua yangu iko wapi?"

"Iko njiani, Mwalimu."

"Njiani wapi?"

"Mfumo unaonyesha imepokelewa."

"Imepokelewa na nani?"

"Na sisi."

Nikarudi kesho yake, na kesho kutwa. Mara mtandao haupo, mara mhusika yuko semina. Duka likikuudhi unakwenda la jirani. Posta ikikuudhi unakwenda posta hiyo hiyo. Siku ya tisa Betramu alinionea huruma, akanionyesha kwa kidole mfuko uliokuwa umeegemea ukuta nyuma yake. "Mwalimu, ule ndio mfuko wa ziwani. Barua ni chache, gari haliji mpaka ujae."

Na nje, mbele ya mlango ule ule, basi la ziwani lilikuwa linapakia, kama linavyopakia kila asubuhi.

"Basi nipe barua yangu niipeleke mwenyewe."

"Haiwezekani. Ikishapigwa muhuri ni ya anayeandikiwa. Utaratibu, Mwalimu. Si wewe uliyetufundisha?"

Nakuambia kweli, sikumbuki nilivyopanda. Nakumbuka mbao za kaunta kifuani, vidole vyangu vikigusa kamba ya mfuko, mlinzi akinivuta mkanda, na mama mmoja kwenye foleni akisema, "Jamani, si mwalimu wa Uraia huyu?" Wakanikalisha kwenye benchi, wakaniletea maji na kiatu changu. Betramu alikuwa analia, lakini mfuko hakuufungua. Honi ya basi ikapigwa, likaondoka.

Mwisho wa mwezi watu wa Lituhi walikuja kama walivyoahidi. Sijui Imakulata alijibu nini safari ile. Najua tu kwamba baada ya Noeli alifunga ndoa huko Lituhi, na kwamba siku hiyo Osmundi alishinda shambani akipalilia mistari aliyokwisha kuipalilia. Hajanilaumu hata mara moja. Ananisalimia, ananiletea kuni, ananiita baba. Lakini hakai tena kuzungumza nami.

Mwezi wa pili simu yangu ikalia, ni baba yake Imakulata. "Mwalimu, barua yako nimeipokea leo," akasema. "Umeiandika vizuri sana."

Basi wewe uliyenisikiliza, ukiwa na barua ambayo maisha ya mtu yanaisubiri, andika nakala mbili, moja uibakize kwako, nyingine uipeleke kwa mkono wako, na usiondoke mpaka mwenyewe aifungue ukimwona.