Mkonge Juu ya Kaburi la Mama

Mama alipofariki, mwanzoni mwa miaka ya themanini, tulimzika nyuma ya jiko lake kule Matinyani, na kazi ya kuchagua cha kupanda kaburini ikaniangukia mimi, mtoto wake wa pekee. Nilikuwa na duka dogo la nguo mjini Sultan Hamud, mbali mno kwa mtu wa kuja kumwagilia maua. Baba alibaki peke yake, na maji ya kunywa tu yalimtoa jasho: punda, mitungi, kushuka mtoni kufukua mchanga. Nilitaka mmea usioomba kitu kwa mtu. Nikachagua mkonge.

Tena niliona nimechagua vizuri. Mama alisuka vyondo, vikapu vya nyuzi za mkonge, maisha yake yote, na paja lake la kulia lilikuwa laini kwa kusokota nyuzi.

Shangazi, dada yake baba, aliponiona na mche mkononi alishika kiuno. "Mwanangu, mkonge ni ya mpaka. Hata mtoto anajua. Ukimwekea mtu mpaka, si ataanza kupima shamba yake?"

Ni kweli, kwetu mkonge husimama pale shamba la mtu linapoishia. Haupandwi katikati ya boma. Lakini mimi nilikuwa nimeokoka, na mdomo nilikuwa nao. Nilimjibu kwamba wafu hawapimi mashamba, na kama anataka maua, aje ayamwagilie mwenyewe. "Haya," akasema, "asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Nikapanda.

Nilipokuja Desemba nilikuta umetoa machipukizi. Hilo halikunishtua, mkonge huzaa. Ila kwa kawaida huzaa ovyo, kama vifaranga kuzunguka kuku. Haya yalikuwa yamejipanga, moja mbele ya jingine, yakielekea jikoni. Aprili mstari ulikuwa umefika kwenye kona ya jiko na kupinda nayo. Nilisimama pale, jua la saa sita utosini, na mwili ukanisisimka. Majani ya chini ya ule mkonge mkubwa yalikuwa yamekatwa, mkato wa kulala upande, vile vile mama alivyokuwa akikata.

"Ni wewe unakata?" nilimuuliza baba.

"Mimi nitafanyia nini? Najua kusokota?"

"Basi ni nani?"

Alinisukumia sahani ya isyo, mahindi na maharagwe ya kuchemsha. "Kula, chakula inapoa."

Kisha ukaja ukame. Mahindi yalikauka yakiwa ya kufika magotini, punda akafa, na usingizi ukanihama kila nikimfikiria baba. Nilienda Matinyani nimeshaamua: nitarudi naye Sultan Hamud, apende asipende. Shamba lote lilikuwa jekundu na tupu. Kitu kibichi kilikuwa kimoja tu, ule mstari. Ulikuwa umelizunguka jiko na ghala ya mama, na sasa ulikuwa unarudi kaburini kwa upande wa pili.

Baba alikuwa amehamishia kitanda chake jikoni, kando ya mafiga.

"Hapa ni kwa mama yako," aliniambia, bila haya wala hofu. "Amekata kipande yake. Nikilala kule kwa nyumba kubwa nasikia baridi."

"Baridi gani, baba, na hili jua? Utakufa njaa hapa!"

"Huko kwako sijaitwa, mwanangu."

Nilichukua jembe. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba sikuona vizuri nilipolipiga chipukizi la kwanza. Baba alitoka, akaja akasimama juu ya la pili, miguu mitupu kati ya ile miiba. Ningeendelea, ningempiga mguuni. Nililitupa jembe, nikamwachia unga na maharagwe niliyokuja nayo, nikaenda zangu. Lile chipukizi nililong'oa nilililaza juani, mizizi juu, ili life.

Baba alifariki mvua ziliporudi. Shangazi alimkuta jikoni, amelala ubavu, uso kuelekea kaburini. Wachimba kaburi hawakuhitaji kuonyeshwa mahali. Kando ya mama mstari ulikuwa umeacha pengo la kutosha mtu mmoja, na lile chipukizi langu la juani lilikuwa limeshika udongo papo hapo nilipolilaza, likasimama ukingoni mwa pengo.

Tulimzika hapo. Nilirudi baada ya miezi kadhaa kuangalia boma. Pengo lilikuwa limezibwa. Mkonge ulikuwa umezunguka jiko, ghala na makaburi mawili, ukakutana, na tangu siku ile haujatoa chipukizi jingine hata moja.

Nilisimama nje. Ningeweza kuruka ndani, maana ile mikonge midogo ilinifika magotini tu. Miguu ilikataa. Miaka yote ile nilikuwa nimeogopa kwamba mama anakuja. Siku hiyo niliona kwamba alishakuja, akachukua wake, akafunga, na mimi hakuniwekea nafasi. Niliwaita wote wawili kwa sauti. Halafu nikalia pale pale, mtu mzima, kama mtoto aliyefungiwa mlango.