Nilimwambia Mama Kwamba Amepona

Jamani, nimekosa! Naandika haya mama yangu amelala chumba cha pili, na hajui kwamba mimi, binti yake wa kuzaa, ndiye niliyemfikisha hapo.

Niliachika nikarudi nyumbani Songambele. Kaka yangu, ambaye kibanja, yaani nyumba na shamba la migomba, ni chake, alinipokea ili nimtunze mama, maana alishazeeka na afya ilikuwa mbaya. Uso ulimwiva ukawa mwekundu, kichwa kikimgonga, na kila akioga maji ya moto mwili ulimwasha hadi analia.

Hospitali walituambia damu yake ni nyingi mno na nzito, ugonjwa wa kudumu. Itabidi wawe wanaipunguza, la sivyo itaganda. Na kweli, kila alipotolewa damu alipata nafuu, akarudi kupalilia maharage yake.

Lakini vile vilima vya njia ya hospitali! Mimi ndiye niliyekuwa nikimpandisha, yeye ameketi kwenye baiskeli nami nasukuma. Na majirani nao! Miaka hiyo UKIMWI ulikuwa unatumaliza huku kwetu, ukionekana unakwenda hospitali kila mara, watu wameshakuzika midomoni. Siku moja kisimani mwanamke akaniuliza mbele ya wenzake, "Mama yako naye anao?" Niliondoka na ndoo tupu.

Nikachoka. Nikaona aibu.

Mama anajua Kinyambo tu, kwa hiyo kwa daktari mimi ndiye niliyekuwa nikitafsiri. Safari moja daktari alisema, "Mlete tena mwezi ujao, msiache." Nikamgeukia mama, nikamwambia kwa lugha yetu, "Anasema umepona. Usirudi tena."

Mama alipiga magoti kumshukuru! Daktari akatabasamu, akamwinua. Nami nimesimama katikati yao.

Baadaye kichwa kikaanza tena kumgonga. "Mwanangu, si walisema nimepona?" Nikamjibu ni jua.

Asubuhi moja tulikuwa tunamenya ndizi, kisu kikamtoka mkononi. Nilipomtazama, mdomo ulikuwa umepinda. Kumbe damu ilikuwa imeganda ndani ya ubongo.

Hospitali daktari alifoka, "Kwa nini mliacha?"

Kaka akashangaa. "Daktari, si wewe uliyesema amepona?"

Wote wakanitazama. Nikasema, "Labda nilisikia vibaya." Wakaniamini! Heri wangenipiga.

Sasa mama hasemi, upande mmoja umekufa. Namlisha, namgeuza, namfulia. Kanisani wanawake wananishika mkono: "Mungu atakulipa, binti mwema." Kila wakisema hivyo natamani ardhi inimeze. Kuna mwanamume wa Nkwenda alitaka kunioa, nikakataa. Nitatokaje humu? Nikisema ukweli, kaka atanifukuza, na mama atageuzwa na nani? Nikinyamaza, nasongwa.

Juzi alinishika kwa mkono wake mzima, akanivuta karibu, akajaribu kusema kitu. Sijui kama alikuwa ananishukuru au ananiuliza. Nilikimbilia jikoni nikalia.

Wewe unayemsemea mzee wako kwa daktari, nakusihi! Mfikishie maneno yote, hata yale yanayokuchosha, hata yale yanayokutia aibu. Ukishindwa kumpeleka, sema umeshindwa; ndugu watakasirika, watapoa. Mimi sikusema. Sasa hivi nasikia anagonga ukuta, anataka kugeuzwa. Naenda.